Utangulizi: Kuhesabu kwa Moli

Ndosho, kando ya barabara inayotoka Goma kwenda Sake, nyumba nyingi hupika kwa makala. Tunaanzia kwenye jiko hilo kwa sababu sehemu kubwa ya makala ni kaboni, na kaboni ikiungua vizuri inatupa mlinganyo mfupi kuliko yote ya kitabu hiki:

C + O₂ → CO₂

Mlinganyo huu unahesabu chembe, haupimi uzito. Atomu moja ya kaboni inachukua molekuli moja ya oksijeni. Atomu moja haipimiki kwa mizani ya maabara, kwa hiyo wanakemia huzihesabu kwa mafungu. Kila fungu, yaani moli, lina chembe 6.022 × 10²³. Moli ya kaboni ina gramu 12, ya oksijeni gramu 32. Tuseme jikoni mna gramu 600 za kaboni: hizo ni moli 50. Zitahitaji moli 50 za oksijeni na kutoa moli 50 za kaboni dioksaidi, ambazo ni kilo 2.2. Gesi isiyoonekana inazidi makala kwa uzito zaidi ya mara tatu, na ziada yote imetoka hewani.

Hewa kiasi gani? Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa huko ni ndogo, na moli moja ya gesi huchukua karibu lita 29, si 24 kama majedwali mengi yanavyosema. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa. Piga hesabu: jiko hilo litamaliza oksijeni yote ya karibu mita 7 za ujazo wa hewa.

Sasa funga mlango na dirisha. Oksijeni ikipungua, mlinganyo wenyewe hubadilika:

2C + O₂ → 2CO

Kaboni moli 2 kwa oksijeni moli 1. Gesi inayotoka sasa ni kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Huanza kutoka mapema, kabla oksijeni ya chumba haijaisha. Ndiyo maana nasisitiza kwamba uwiano wa moli hausomwi kabla ya kujua ni mmenyuko gani unaotokea. Usilale na jiko la makala ndani.

Kosa linalowaangusha wanafunzi wengi ni kugeuza namba za mlinganyo kuwa gramu. Chukua methani iliyomo katika kina cha Ziwa Kivu, ambayo upande wa Rwanda mtambo wa KivuWatt unaivuta kuzalisha umeme wa megawati 26:

CH₄ + 2O₂ → CO₂ + 2H₂O

Namba 2 haisemi gramu 2 za oksijeni kwa gramu 1 ya methani. Inasema moli 2 kwa moli 1: gramu 64 kwa gramu 16, yaani mara nne. Njia ni ileile daima: toka gramu uingie moli, tumia uwiano, kisha rudi kwenye gramu. Anayeruka hatua ya kati hupotea hata kama mlinganyo wake umesawazishwa vizuri.

Kabla ya kufungua sura ya kwanza, tafuta oksijeni inayohitajika kuunguza gramu 80 za methani. Ukipata gramu 320, uko tayari. Usipozipata, rudia aya iliyotangulia ukiwa na kalamu mkononi.