Nyimbo Nzuri Zisizojulikana, na Jinsi ya Kuzitafuta

(Nakala ya somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Kiongozi wa darasa asome polepole, kisha maswali ya mwisho yajibiwe kwa pamoja.)

Nawasalimu nyote mliokusanyika madarasani, na hasa wenzangu wa hapa Igowole, ambao wengine mmetoka kuchuma chai na mikono bado imechoka. Leo hatutasoma habari za mbolea wala za maji safi. Tutasoma habari za nyimbo.

Pengine mtauliza: nyimbo zina elimu gani? Nitajibu kwa kisa kifupi. Mzee mmoja wa darasa letu alifanya kazi ya kujenga reli ya TAZARA ujanani mwake. Siku moja, upande wa Zambia, alisikia santuri iliyompendeza mno. Mwenye santuri akampa aishike. Jina la wimbo na jina la bendi yalikuwa yameandikwa pale katikati, lakini mzee wetu hakujua kusoma, na aliona haya kuuliza. Akairudisha. Leo anajua kusoma, ila santuri haipo. Yapata miaka hamsini sasa anautafuta wimbo ule, na hana jina la kuulizia.

Basi, jambo la kukumbuka ni hili: wimbo hupoteza jina kwanza, ndipo upotee wenyewe. Leo nitawapa majina matatu ya kuandika. Ni ya bendi za muziki wa roki zilizopiga karibu na kwetu, ambazo watu wengi hawazijui.

Roki ni nini? Ni muziki uliotoka Marekani katika miaka ya 1950, ukaenea Uingereza na nchi nyingine. Vyombo vyake vikubwa ni gitaa la umeme, besi na dramu. Katika muziki wa dansi tuliouzoea, magitaa husuka sauti nyororo, na tarumbeta hujibu. Katika roki, mara nyingi mpigaji hukanyaga kijisanduku kwa mguu, na gitaa lake hukwaruza. Asiyezoea hudhani spika imepasuka. Haikupasuka. Ndivyo wanavyotaka wenyewe.

La kwanza: Sunburst. Andikeni S-U-N-B-U-R-S-T. Sina haja ya kuwapendekezea NUTA Jazz, wala Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, kwa sababu hizo zinajulikana kila mahali. Sunburst ilikuwa bendi ya vijana wa Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wakati huo muziki wa kigeni ulitazamwa kwa jicho kali. Mnamo Novemba 1969 muziki wa soul ulikuwa umepigwa marufuku mjini humo. Vijana hawa walichanganya roki na soul na midundo ya Kiafrika, wakaimba kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Mwaka 1973 walirekodi nyimbo katika Radio Tanzania. Baadaye walikwenda Zambia, na huko ikatolewa albamu yao, Ave Africa, mwaka 1976. Ni mwaka uleule ambao reli ya TAZARA ilikabidhiwa rasmi kwa nchi mbili. Lakini bendi ilitawanyika, na nyimbo zake zikasahauliwa. Miaka 40 ikapita. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ilizikusanya nyimbo zao na kuzitoa upya. Katika mkusanyo huo tafuteni wimbo uitwao Enzi za Utumwani. Mara ya kwanza sikilizeni maneno tu. Mara ya pili acheni maneno, mfuate ngoma.

La pili: Amanaz. Andikeni A-M-A-N-A-Z. Jina hili limetokana na herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza, kama TANU au TAZARA. Maana yake ni "niulize habari za wasanii wazuri wa Zambia." Sasa tumevuka Tunduma. Katika miaka ya 1970 Rais Kenneth Kaunda aliagiza kwamba sehemu kubwa sana ya muziki wa redio nchini mwake uwe wa Kizambia. Vijana wa miji ya migodi ya shaba, ambao walikuwa wakiiga roki ya Uingereza, wakaanza kutunga yao wenyewe. Muziki huo huitwa Zamrock.

Amanaz walitoa albamu moja tu, iitwayo Africa, mwaka 1975. Humo mna wimbo Khala My Friend. Neno "khala" ni la Kinyanja, na maana yake ni "kaa." Tazameni jinsi maneno hayo mawili yalivyo ndugu! Ni wimbo wa polepole na wenye huzuni. Anayeogopa kelele za roki aanzie hapa.

La tatu: WITCH. Andikeni W-I-T-C-H. Nalo ni jina la herufi za kwanza, maana yake "tunakusudia kuleta vurumai." Mwimbaji wao ni Emanuel Chanda, aliyepewa jina la Jagari kwa kumfananisha na Mick Jagger wa Rolling Stones. Katika albamu yao Lazy Bones!!, ya mwaka 1975, sikilizeni Strange Dream, yaani "ndoto ya ajabu."

Kwa nini bendi hizi zilinyamaza? Bei ya shaba ilianguka katika miaka ya 1970, na fedha ikawa haba Zambia. Kisha, katika miaka ya 1980 na 1990, Ukimwi uliwaua wanamuziki wengi wa Zamrock. Jagari alibaki. Baada ya watu wa nje kuzitafuta santuri zile na kuzitoa upya, alirudi jukwaani, na mwaka 2023 WITCH ilitoa albamu mpya, Zango.

Sasa, jinsi ya kuzipata. Nendeni kwenye kibanda cha kuingizia nyimbo katika simu, mkiwa na karatasi. Andikeni jina la bendi, kisha jina la wimbo. Herufi moja ikikosekana, mashine inaweza kuleta kitu kingine kabisa. Hapo ndipo mtakapoona faida ya kujua kusoma na kuandika. Na mkisikia wimbo mzuri popote, ulizeni jina lake bila haya, mliandike siku ileile.

Sisemi kwamba nyimbo hizi zitampendeza kila mtu. Juma lililopita tulimwekea mzee wetu Khala My Friend. Aliusikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa. "Siyo huu, mwalimu," akasema. Kisha akachukua kalamu, akaandika jina lake katika daftari, akasema, "Lakini uwekeni tena."

Maswali ya kujibu darasani:

1. Kwa nini mzee aliyejenga reli hakuweza kuupata wimbo wake?
2. Taja tofauti moja kati ya roki na dansi.
3. Andika majina ya bendi tatu za leo bila kutazama.
4. Je, katika kijiji chenu kuna wimbo wa zamani ambao jina lake halijaandikwa popote? Nani anaujua? Andikeni jina lake kabla ya somo lijalo.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji.