Lancia: gari lililoshinda Safari Rally likashindwa na kutu

Wasikilizaji wetu waliokuwa wakisimama kando ya barabara za Kenya kila Pasaka kutazama Safari Rally watalikumbuka gari la Lancia Delta. Mwaka 1988 Mwitaliano Miki Biasion alishinda nalo, akarudia mwaka 1989. Mwaka 1991 ikawa zamu ya Juha Kankkunen wa Finland.

Ushindi huo haukuja kirahisi. Lancia, kampuni iliyoanzishwa mjini Turin, Italia, mwaka 1906, ilikuwa imeusaka kwa miaka mingi. Mwaka 1975 Sandro Munari alimaliza wa pili katika Safari akiendesha Lancia Stratos. Kwingineko duniani kampuni hiyo ilikuwa tishio: ilitwaa ubingwa wa dunia wa rally mara 10, zikiwemo 6 mfululizo kuanzia 1987 hadi 1992.

Lakini nje ya mashindano kulikuwa na adui mwingine. Mwaka 1972 Lancia ilitoa gari la kifamilia liitwalo Beta. Liliendeshwa vizuri na watu walilipenda. Baada ya miaka michache, wenye magari nchini Uingereza wakagundua kwamba fremu ya mbele inayobeba injini ilikuwa ikiliwa na kutu. Mwaka 1980 magazeti na televisheni vililivalia njuga suala hilo, na kampuni ikalazimika kuyanunua tena baadhi ya magari hayo kutoka kwa wenyewe. Jina likachafuka. Mwaka 1994 Lancia iliacha kuuza magari Uingereza.

Iweje bingwa wa matope na mawe ashindwe na kutu? Gari la mashindano huimarishwa bodi, hukaguliwa na mafundi kila siku, na kifaa kibovu hutolewa papo hapo. Gari la nyumbani hukaa miaka bila mtu kuchungulia uvunguni.

Kutu hutokea chuma kinapokutana na maji na hewa. Chumvi huongeza kasi yake. Ulaya humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Kwetu, wakazi wa pwani wanaijua kazi ya upepo wa bahari. Hata bara, tope lililoganda ndani ya madigadi hutunza unyevu siku nyingi baada ya mvua kukatika.

Kwa hiyo, kama unataka kununua gari lililotumika, usidanganywe na rangi inayong'aa wala sifa za jina. Inama uangalie uvunguni. Inua kapeti uone sakafu. Kagua pale injini na springi zinaposhikiliwa. Pitisha sumaku kwenye bodi. Isiposhika, huenda chini ya rangi kuna puti iliyoziba tundu. Kutu ya juujuu husuguliwa na kupakwa rangi, lakini chuma kikibonyea ukikigusa kwa bisibisi, muite fundi wa kuchomelea akupe gharama kabla hujatoa hata shilingi.

Na kama gari ni lako tayari, lioshe uvunguni baada ya safari ya matope, na uzibue vile vitundu vilivyo chini ya milango ili maji yatoke. Ni kazi ya nusu saa, na haihitaji fundi.