Mbona Babu Kapauka? Rangi na Vivuli katika Vijipicha vya Pikseli



Wenzetu wawili watatu wameniuliza kwa nini vile vijipicha vinavyotembea, tunavyowaonyesha watoto wa darasa la Kiswahili la Jumamosi hapa Uingereza, vimebadilika sura. Mie si mchoraji. Kazi yangu ni kusomesha elimu ya mwanga na uono, lakini swali lenyewe linaangukia huko huko, basi naomba nieleze.

Picha ni ya muuza kahawa: kanzu, kofia, dele mkononi, anamimina. Ukubwa wake pikseli 32 kwa 32, fremu 6. Kijana aliyeichora ana mkono mzuri, hilo halina ubishi. Lakini watoto walipoiona tu, mmoja akauliza, "Mbona babu kapauka?" Mwingine akadakia, "Hajapaka mafuta!" Tulicheka sana, lakini mtoto alisema kweli tupu. Na jambo hili si dogo. Watoto hawa wamezaliwa huku, picha nyingi za watu weusi wanazoziona zimepakwa rangi hovyo hovyo, halafu sisi wenyewe tuwachoree babu yao kwa rangi ya majivu?

Sasa, kupauka kunatoka wapi? Kwenye kompyuta rangi ni namba tatu, yaani nyekundu, kijani na buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Uso wa babu ulikuwa 120, 72, 44, hudhurungi nzuri kabisa. Kwa upande unaopigwa na jua, kijana akaichanganya na nyeupe nusu kwa nusu, akapata 188, 164, 150. Zitazameni namba zenyewe: mwanzo nyekundu ilikuwa karibu mara tatu ya buluu, sasa zimesogeleana. Namba tatu zikisogeleana rangi inakwenda kwenye kijivu, na hayo ndiyo majivu aliyoyaona mtoto. Kwenye kivuli akatia nyeusi, ikawa masizi.

Dawa yake ni kuiacha rangi igeuke kidogo inapopanda na kushuka. Kwenye mwanga ielekee machungwa, mfano 190, 122, 70. Kwenye kivuli ielekee zambarau, mfano 70, 34, 42. Huu si urembo tu. Jua la jioni linamwaga mwanga wa njano, na pale lisipofika panaangazwa na anga, ambalo ni buluu. Ukitaka shahidi, tazama kanzu nyeupe mchana wa jua: kivuli kwenye mikunjo yake si kijivu, kina ubuluu. Akina Monet kule Ufaransa walikuwa wakipaka vivuli vya buluu na zambarau tangu karne ya 19, na watu wakiwashangaa. Kanzu ya babu nayo tumeifanya hivyo hivyo.

Ngozi nyeusi ina jambo lake la ziada. Mng'ao wa juu ya ngozi unaonekana wazi zaidi juu ya weusi, na mng'ao huo huchukua rangi ya mwanga wenyewe, siyo rangi ya ngozi. Kwa hivyo pikseli moja nyeupe-nyeupe kwenye paji la uso na moja puani zinatosha kabisa, babu keshapaka mafuta! Ukizitandaza shavu zima umerudi kule kule kwenye majivu. Lugha yetu ina mweusi tii, ina maji ya kunde, lakini seti nyingi za rangi zilizotengenezwa tayari zinaanzia kwenye rangi ya waridi na kukuachia kahawia moja tu mwishoni. Ni hadithi ya zamani. Kadi ambazo Kodak walizitoa tangu miaka ya 1950 kwa ajili ya kurekebisha rangi za picha zilikuwa na mwanamke wa Kizungu, na sisi tukatoka kwenye picha macho na meno tu.

Kosa jingine lililoenea ni kuzungushia kivuli kandokando ya umbo zima, mpaka uso ukawa kama mto wa kulalia. Chagua jua lipo upande gani, basi. Letu liko juu kushoto, na kofia inatupa kivuli cha pikseli mbili chini yake.

Kabla ya kuridhika, igeuze picha iwe kijivu tupu. Kama mkono unapotelea kwenye dele, rangi nzuri haitakuokoa, manake jicho hutambua umbo kwa mwangaza kwanza. Katika kipimo cha skrini nyingi, kijani huchangia takriban asilimia 72 ya mwangaza, nyekundu 21, na buluu 7 tu. Ndiyo maana unaweza kuongeza buluu kwenye kivuli na kisipoteze giza lake.

Kwenye mwendo mambo yanakuwa magumu zaidi. Zile nukta za kupishana kama ubao wa drafti, ambazo katika picha iliyotulia hupendeza, zikisogea zinatetema kama chawa, tumezifuta zote. Halafu mkono unapoinama inabidi usogee nusu pikseli, na nusu pikseli haipo duniani. Usisogeze umbo, badilisha rangi. Pikseli ya ukingoni ipe rangi ya kati baina ya mkono na kanzu, fremu inayofuata iwe rangi kamili ya mkono. Jicho litaunga lenyewe.

Makaa chini ya dele hatukuyachora upya hata mara moja. Nyekundu, machungwa na njano zinapokezana nafasi tu kila fremu, mbinu ambayo Mmarekani Mark Ferrari alisifika nayo kwa kutembeza mvua na maporomoko ya maji. Jumla rangi ni 12, ingawa GIF, tangu ilipotoka mwaka 1987, inaruhusu 256. Muda wa fremu huhesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde: zetu ni 12 kila moja, isipokuwa ya mwisho tumeipa 40, ili kikombe kionekane kimejaa kabla babu hajaanza tena kumimina.