Ufafanuzi wa Istilahi: Machipukizi ya Kunukia

Mfasiri wa kitabu cha mapishi ya Kichina huenda akakutana na chakula kiitwacho xiangchun. Hayo ni machipukizi machanga ya mti ulio wa jamaa moja na mwarobaini. Huchumwa mwanzoni mwa majira ya kuchipua, yakiwa bado mekundumekundu, na hukaangwa kwa mayai au huchanganywa na tofu. Mti huo hauna jina lililozoeleka katika Kiswahili. Mfasiri akiandika "mboga ya mti yenye harufu", kila neno litakuwa la Kiswahili, lakini msomaji hataelewa inavyopasa. Tutaeleza sababu zake kwa mifano ya Kigoma na Ujiji.

Kwanza, neno mboga. Katika matumizi ya watu wengi, mboga ni chochote kiliwacho pamoja na ugali. Mtu wa Kibirizi akiulizwa mboga ya leo ni nini, aweza kujibu "dagaa" au "migebuka", naye hajakosea. Kwa hiyo, panapokusudiwa mimea tu, yafaa kuandika mboga za majani, au kuitaja wazi sehemu ya mmea inayoliwa.

Pili, neno harufu. Lenyewe halisemi kama harufu ni nzuri au mbaya. Kiswahili kina vitenzi viwili vya kutenganisha maana hizo: kunuka, yaani kutoa harufu mbaya, na kunukia, yaani kutoa harufu nzuri. Neno la Kichina xiang lina maana ya kunukia. Irabu moja ikisahauliwa, chakula kinachosifiwa kitakuwa kimetukanwa.

Tatu, sehemu ya mmea. Mche ni mmea mchanga unaokuzwa ili upandwe. Chipukizi ni sehemu mpya inayochomoza katika shina au tawi. Kinacholiwa hapa ni chipukizi. Aidha, lugha yetu ina desturi ya kuyapa majani yaliwayo jina lake yenyewe: majani ya mhogo ni kisamvu, ya viazi vitamu ni matembele, na ya maboga ni msusa. Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, kama ilivyo Burundi na Kongo, kisamvu huitwa pia sombe, na hupikwa kwa mawese. Sombe si kosa la kusahihishwa, ni kisawe. Katika maandishi ya taifa zima tutumie kisamvu, na katika maandishi yanayowalenga watu wa mwambao huo tutaje yote mawili.

Hata hivyo, desturi hiyo isitushawishi kubuni jina kama "kisamvu cha Kichina". Hapa jambo linapita mipaka ya ufasaha. Majani mabichi ya mhogo yana viini vinavyotoa sumu ya sianidi. Ndiyo maana mama wa Ujiji huyatwanga barabara, kisha huyachemsha kwa muda mrefu. Xiangchun hutumbukizwa tu katika maji yanayochemka kwa muda mfupi, kisha huopolewa, ili kupunguza chumvi za nitriti. Msomaji akiambiwa kwamba "kisamvu" chaweza kutumbukizwa majini na kuopolewa mara moja, kisha akafanya hivyo kwa majani ya mhogo wake, jina lenye sura nzuri litakuwa limemdhuru. Vivyo hivyo, mfasiri asiandike "kupika" mahali ambapo matini asilia inataja kutwanga, kuchemsha au kutumbukiza.

Tunapendekeza machipukizi ya kunukia ya mti wa xiangchun pale chakula hicho kinapotajwa mara ya kwanza, na baada ya hapo xiangchun peke yake. Istilahi hiyo ni ndefu kidogo, lakini inamwambia mpishi ni sehemu gani ya mmea inayoliwa na ina sifa gani, wala haimwazimi jina la mmea mwingine. Walimu wanaweza kutumia mfano huu darasani kuonyesha kwamba kutafsiri jina la chakula ni kutafsiri pia namna ya kukiandaa.