Hekima wa Ukata na Hakimu wa Songea

Ukisikia mtoto anaitwa Hekima huko Ukata, milimani Mbinga, usikimbilie kudhani wazazi wake ni Waislamu kwa kuwa jina lina asili ya Kiarabu. Umatengo, yaani milima hiyo ya Mbinga, ni nchi ya Wakatoliki, na jina hilo huko limepitia zaidi kanisani.

Shina lake ni herufi tatu: ha, kafu, mim. Waarabu waliita *hakama* ile sehemu ya lijamu inayobana taya za farasi asiende mbio ovyo, na wanakamusi wao wa kale wakaihusisha na *hikma*. Kwa hiyo mwenye hekima, kwa asili, si mjuzi wa mambo mengi bali mtu anayejua kujizuia. Hukumu, hakimu na mahakama ni ndugu wa tumbo moja na neno hilo.

*Hikma* ilipoingia Kiswahili ilichomekewa irabu kati ya k na m, na ile ha ya kooni ikaigeuza i ya mwanzo kuwa e. Ndivyo *hishma* ilivyokuwa heshima, na *hisab* ikawa hesabu.

Waislamu wa Songea au Tunduru huchagua zaidi Hakimu, Abdulhakimu, Hikmat, au Lukmani, yule mwenye hekima ambaye sura ya 31 ya Kurani ina jina lake. Hapa pana mtego. Kiarabu kina *hakiim*, mwenye hekima (na tabibu pia), na *haakim*, mtawala au mwamuzi. Kiswahili kimeyafanya yote mawili hakimu. Khalifa al-Hakim wa Cairo, aliyetawala mwaka 996 hadi 1021, jina lake ni hilo la utawala. Abdulhakimu kwa kawaida ni mja wa Mwenye Hekima, wala hahusiki na hakimu wa mahakama ya mwanzo.

Kiswahili kilifika pande hizi na misafara ya Kilwa iliyokwenda Ziwa Nyasa, kisha serikali ya Wajerumani ikakitumia. Wabenediktini walifungua misheni ya Peramiho mwaka 1898, na baadaye mafundisho ya dini yakaenea kwa Kiswahili. Mtoto wa kipaimara hukariri mapaji saba ya Roho Mtakatifu, na la kwanza ni hekima. Biblia ya Kikatoliki ina kitabu kizima chenye jina hilo. Jimbo Katoliki la Mbinga lilipoundwa mwaka 1986, nani angeliita neno hilo la kigeni? Hata Sofia, jina la Kigiriki tulilolizoea, maana yake ni hiyohiyo, ingawa Sofia ni la kike tu na Hekima ni la kike au la kiume.

Wazazi waangalie tahajia. Kadi ya kliniki ikiandikwa Hekma, cheti cha ubatizo Hekima na cha kuzaliwa Hikma, kazi ya kuyapatanisha majina hayo itamwangukia mtoto siku ya kujiandikisha kwa mtihani.