Kicheko Si Jibu

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa kambi, katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia, buti na vumbi. Leo tuseme juu ya kicheko, maana nacho kinaweza kuleta ajali.

Angalia kundi moja la kazi huku Masisi au Walikale. Mna Mhunde, Mnyanga, Mhutu, Mtutsi, Mtembo, Mkumu, Mnande, na pengine mgeni wa ng'ambo. Wanasikilizana kwa Kiswahili, lakini kila mmoja alifundishwa kwao ni wakati gani mtu anacheka, na mbele ya nani.

Sauti ya kicheko inajulikana pote. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kazi waliyofanya na watu 966 wa jamii 24 za dunia. Waliwasikilizisha watu wawili wakicheka pamoja, kisha wakawauliza: hawa ni marafiki au hawajuani? Walijibu sawa kadiri ya mara 61 katika 100. Basi sikio linasaidia, lakini linakosea pia mara nyingi.

Maana yake ndiyo inabadilika. Huko Tanzania kuna desturi ya utani. Mnyamwezi aweza kufanya mzaha msibani kwa Mzaramo, na wafiwa hawakasiriki, kwani anawapunguzia uchungu. Asiyejua desturi hiyo atasema huyu hana heshima.

Tena kuna kicheko kisicho na furaha. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, upande wa Bukoba, wanafunzi walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Kati ya 159, walipatwa 95, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Waganga walitafuta sumu na vijidudu, wasione kitu. Wengi wanaoeleza jambo hilo wanasema ni mioyo iliyolemewa.

Sasa tuingie shimoni. Kapita anasema, "Nguzo hii imepasuka, mtu asipite." Kijana mgeni anacheka kidogo. Kapita anafikiri amesikia. Au anafikiri anadharauliwa, anamfokea. Kumbe kijana hakuelewa, anaona haya kuuliza. Kesho atapita pale pale. Mgonjwa naye ni vilevile: anasema anakohoa damu, huku anacheka. Wa nyumbani wakicheka naye, kifua kikuu kinazidi kumla.

Kwa hiyo tushike haya:

1. Ukitoa amri, usipokee kicheko kuwa "ndiyo". Mwambie mwenzako arudilie maneno yako kwa kinywa chake.

2. Usipoelewa, sema "Sijaelewa." Haya inapita; mguu uliokatwa haurudi.

3. Mwenzako akianguka, usimcheke. Wengi wanaficha jeraha kwa kuogopa kuchekwa, mpaka linaoza. Tazama kwanza kama ameumia.

4. Mtu akicheka baada ya ajali, usimtukane wala kumpiga. Huenda ni mshtuko. Kama anaweza kutembea, mwondoe penye hatari, mkalishe, usimwache peke yake, na muganga aitwe.

5. Mama, baba au mtoto akitaja maumivu huku akicheka, sikiliza maumivu, uache kicheko.

Kazi ikiisha, tucheke pamoja kambini, kwani kicheko kizuri kinaunganisha watu. Lakini shimoni tujibizane kwa maneno.