Wimbi, Mkondo na Masafa: Istilahi za Rada ya Bahari

Mfasiri anayekabidhiwa maelekezo ya rada ya kupimia hali ya bahari hukutana na maneno matatu yenye kazi mbili mbili. Wimbi ni la maji na pia la redio. Mkondo ni wa bahari na pia wa umeme. Masafa ni umbali na pia ni idadi ya mitetemo kwa sekunde. Katika mazungumzo muktadha hutosha. Katika maelekezo haya maana zote sita hukutana, na msomaji huenda anatafuta chombo kilichochukuliwa na maji.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Mwaka 1955, huko New Zealand, D. D. Crombie alichunguza mwangwi wa redio uliorudi kutoka baharini kwa megahezi 13.56. Wimbi la redio la namna hiyo lina urefu wa mita 22 hivi, na mwangwi wenye nguvu hutokana na mawimbi ya bahari yenye nusu ya urefu huo, yaani mita 11. Mawimbi hayo, penye kina kirefu, huenda kwa kasi ijulikanayo, karibu mita 4.2 kwa sekunde. Kasi iliyopimwa ikizidi au ikipungua, tofauti hiyo ni kazi ya mkondo wa bahari. Kituo kimoja hupima tu mwendo wa maji wa kukikaribia au kukiacha. Hivyo huhitajika angalau vituo viwili ili kuujua mwelekeo kamili.

Sasa tuje katika mfumo wa kuiongoza rada. Megahezi 5 hufika mbali kuliko megahezi 25, lakini kwa kawaida megahezi 25 huonyesha mambo madogo zaidi. Pale mpango wa kazi ulipofungwa ndani ya vifaa, kubadili moja kwa nyingine ni kubadili vifaa. Katika mfumo wa namna ya pili hubadilishwa programu, mradi antena ilingane na mitetemo iliyochaguliwa. Huu tunapendekeza uitwe mfumo unaopangika upya. Hatukuchagua “unaorekebishika”, kwani hurekebishwa kilichokosewa, na hapa hakuna kosa.

Chukua agizo hili: “Punguza masafa.” Anayeelewa mitetemo ataifanya rada ione mbali zaidi; anayeelewa umbali ataifanya ione karibu. Neno moja limezaa matendo mawili yanayopingana.

Kwa hiyo tunapendekeza masafa yabaki kwa mitetemo peke yake, kama yanavyotumika katika utangazaji, na umbali uitwe umbali. Wimbi na mkondo visiandikwe bila sifa yake: wimbi la redio, wimbi la bahari, mkondo wa umeme, mkondo wa bahari. Sentensi zitarefuka kidogo. Lakini mtumishi wa zamu usiku hatalazimika kukisia alichokusudia mfasiri.